Mnara Uliokuwa Bado

Mtaa mzima ulimwita Bibi Subiri, na wala si kwa uvivu. Alipokuwa msichana alipata kazi kwenye jumba la simu, enzi zile ambapo mtu hakumpigia mtu moja kwa moja. Ulimpigia yeye kwanza, naye alikaa mbele ya ubao mkubwa wenye matundu, anachomoa waya hapa anachomeka pale, mpaka sauti mbili zikutane. "Subiri nikuunganishe." Ndiyo kauli yake hiyo, asubuhi mpaka jioni, ujana wake wote na utu uzima wake wote. Kisikilizio alikivaa sikio la kushoto, maana la kulia alimwachia msimamizi wake, na msimamizi yule alikuwa na mdomo. Hata nyumbani mume akiomba chai aliambiwa subiri. Mauti yalipokuja kumchukua huyo mume, nadhani nayo aliyaambia yasubiri, lakini mauti hayana adabu ya simu.

Watu walidhani kazi ile ni ya mikono. Wapi, ilikuwa kazi ya sikio. Bibi Subiri alijua nani amepata mtoto na nani amefiwa kabla wenyewe hawajaambiwa, kwa sababu neno likiwa bado kinywani, pumzi imeshalitangulia. Habari njema, alikuwa akisema, huvuta pumzi mara moja ikapayuka. Habari mbaya huvuta mara mbili. Hakuwahi kukosea, na mimi nilimjaribu mara kadhaa kwa utani nikaaibika.

Kisha zikaja mashine zinazojiunganisha zenyewe, jumba likafungwa, akapewa saa ya ukutani na maneno matamu. Akahamia kwa mwanawe, fundi wa mafriji, ghorofa ya juu, vyumba viwili na kibaraza. Mkwewe alikuwa msusi. Wateja walikaa kibarazani kwenye kigoda, wanasukwa huku wanapiga soga, na Bibi Subiri pembeni anachambua mchele na kuchangia umbea. Wawili hao walipendana. Usicheke, wapo mama mkwe na wakwe wanaopendana, ila hawasimuliwi.

Nyumba ile ilikuwa na donda moja. Msusi alishapoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka mapema, hata majirani hawakuijua. Ya pili iliondoka nguo za mtoto zimeshakunjwa, na nguo zile zikabaki ndani ya sanduku chini ya kitanda, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitoa wala kuzigawa. Daktari alipoulizwa sababu alisema hakuona sababu. Sasa alikuwa na ya tatu, na nyumba nzima ilitembea kwa vidole.

Ndipo mnara ukasimama.

Ulisimama juu ya paa la nyumba ya ng'ambo, na mtaa wetu ni mwembamba. Ukifungua dirisha la chumba cha msusi ungedhani unaweza kuupa mkono. Chuma cha kijivu, vibao virefu vyeupe vimening'inia pembeni vikitazama chumbani, na kileleni kijitaa chekundu kisichofumba jicho mchana wala usiku. Mafundi walikuja, wakagonga, wakafunga, wakaondoka. Hakuna aliyetuuliza wala kutuaga.

Siku chache baadaye, mchana, saa ile jua limewalaza watu wote na hata mbwa hawabweki, Bibi Subiri aliingia chumba cha mkwewe kuchukua sindano. Akausikia. Mlio mwembamba, mmoja, usiopanda wala kushuka, sikio la kushoto. Alisimama. Aliutambua mlio ule. Ndivyo laini ilivyolia zamani pale mtu wa upande wa pili alipokuwa ameinua simu na hasemi kitu. Yupo, anasikiliza, hasemi.

Alitoka kwenda kibarazani, mlio ukapungua. Akarudi chumbani, ukaongezeka. Akakaribia kitanda, ukaongezeka tena. Akatoka bila sindano, na hakumwambia mtu.

Angenyamaza hivyo hivyo, pengine nisingekuwa na la kusimulia. Lakini msusi alianza kulalamika kichwa. Njiwa waliokuwa wakilala kwenye lile paa wakahama. Kuku wa muuza mkaa, jirani wa chini, akaatamia mayai yakaoza yote. Kila kitu kilichoharibika mtaani kikapata baba, hata maziwa. Muuza mkaa alikuwa na kaka yake aliyechomwa mionzi hospitalini kwa ajili ya uvimbe, nywele zikamtoka, ngozi ikawa nyeusi. "Mionzi ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Ile ya hospitali unachomwa kidogo kidogo ili upone. Hii ya juu ya paa je, inayochoma kutwa?" Neno ni moja, mionzi, na watu wakishapewa neno moja hawaulizi tena kama vitu ni viwili.

Siku moja msusi aliacha kusuka katikati ya kichwa cha mteja. Alipobaki peke yake na mama mkwe, akasema, "Mama, tangu juzi mtoto ametulia mno."

"Hachezi kabisa?"

"Anacheza, lakini kama mtu anayejificha."

Hapo ndipo Bibi Subiri alipolitoa. "Mwanangu, na mimi nasikia kitu chumbani kwako. Mlio. Sikio hili."

Msusi akaingia chumbani, akasimama kando ya kitanda, kiganja tumboni, akasikiliza. Jua lilikuwa kali na nje kimya. Mwishowe akageuza kichwa polepole. "Hata mimi nausikia," akasema. Nywele za Bibi Subiri zilisimama, na wakati ule ule, nitasema kweli, alifarijika kwamba si peke yake.

Malalamiko yakawa mengi, tukaletewa mtaalamu. Mwanamke mwembamba mwenye miwani, mpole, hakuja na majivuno. Tulikusanyika chini ya ule mnara wenyewe. Alitueleza kwamba mionzi inayochoma uvimbe na mawimbi ya simu ni ndugu wa mbali tu. Ile ina nguvu ya kuvunja vitu ndani ya mwili, haya nguvu yake ni ndogo mno, kazi yake kubwa inayojulikana ni kupasha joto kidogo, na kwa mnara kama ule hata joto lenyewe hulisikii. Kisha akasema, na aliyachagua maneno, "Tumechunguza miaka mingi. Mpaka sasa haijathibitika kwamba mawimbi ya minara, kwa kiwango kinachoruhusiwa, yanamdhuru binadamu."

Bibi Subiri akanyoosha mkono. "Mwanangu, umesema haijathibitika. Mimi nikiambiwa treni haijafika, sikunji mkeka nikarudi nyumbani. Nakaa stesheni nasubiri."

Watu wakaangua kicheko, na mtaalamu naye akacheka. Kisha akavua miwani. "Swali lako zito, bibi, na sina jibu fupi. Naweza kukuambia tumetafuta madhara mahali pengi hatukuyaona. Siwezi kukuapia kwamba hayapo hata mahali ambapo hatujatafuta. Hakuna mtafiti mkweli atakayekuapia hivyo, iwe kwa mnara au kwa kitu kingine chochote."

"Basi niambie hili. Mwanao akiwa mjamzito, ungekubali alale pale?" Akaonyesha dirisha.

"Ningekubali," akasema mtaalamu. Angeishia hapo, Mungu angembariki. Lakini alikuwa mkweli kupita kiasi, akaongeza, "Labda ningesogeza kitanda tu kidogo, kwa ajili ya usingizi wangu mimi."

Yakawa hayo. Yote aliyotufundisha yalimwagika, tukabaki na kitanda. "Hata yeye angesogeza," watu wakaambiana wakirudi majumbani. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kesho yake muuza mkaa akaweka kiti mlangoni mwa nyumba yenye mnara, wenzake wakapokezana naye. Hakuna fundi atakayepanda ngazi mpaka mnara uzimwe. Na kinara wa yote akawa Bibi Subiri, mwenye sikio. Watu walimsimamisha njiani kumuuliza leo unaliaje, naye akawajibu. Alikuwa mtu mzima aliyesahauliwa, sasa anaulizwa. Hilo nalo linalevya.

Kitanda hakikusogezwa, kwa sababu yeye alikuwa ameshaamua makubwa zaidi. Msusi aende kwa mama yake mzazi, bondeni, mbali, ng'ambo ya mto, kusikokuwa na mnara hata mmoja.

Mwanawe alikataa. "Mama, huko hakuna hospitali ya maana. Hata simu haishiki. Akizidiwa nitajuaje?"

"Wawili wametutoka hapa hapa, hospitali iko karibu na simu inashika."

"Unampeleka mke wangu kule kwa sababu ya mlio?"

"Heri nusu shari," akasema mama yake.

Fundi akamgeukia mkewe. Msusi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umemsawajika. "Mimi naenda anaposema mama," akasema. "Yeye ndiye aliyesikia kwanza." Wakamsindikiza kituoni na mfuko wa nguo. Sanduku la chini ya kitanda hakuna aliyeligusa.

Wiki zikapita. Siku moja wingu limetanda, fundi wa mnara akapiga hodi pale juu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, kofia mkononi. Alisema ameelekezwa kwa bibi, kwa kuwa mkubwa wa mtaa ni yeye. Vifaa vyao vilibaki paani na mvua zinakuja, awaombee kwa wale wa mlangoni waruhusiwe kuvishusha tu.

"Zimeni kwanza, ndiyo mpande," akasema Bibi Subiri.

"Tuzime nini, bibi?"

"Mnara."

Yule bwana akamtazama, akatazama mnara, akamtazama tena. "Bibi, huo haujawashwa."

"Haujawashwa?"

"Bado. Tangu usimame haujapitisha hata wimbi moja. Mlituzuia ngazini siku ile tuliyokuja kuuwasha."

"Na ile taa?"

"Taa ni ya ndege zisigonge. Ina kibao chake cha jua, haihusiani na mtambo." Akaona uso wa mzee umebadilika, akaongea kwa upole zaidi. "Hata kule bondeni kuna mnara umeshajengwa juu ya kilima, unausubiri huu. Huu usipousemesha, ule ni bubu tu. Watu wa kule wanatulaumu sana."

Mlio ulikuwapo. Ndilo lililomtisha Bibi Subiri kuliko yote. Yule bwana anasema, midomo inacheza, na ndani ya sikio la kushoto mtu wa upande wa pili ameinua simu, anasikiliza, hasemi. Tangu siku ya kwanza hakuna mtu aliyeuliza kama kitu kile kimewashwa. Sisi sote, na mimi mmoja wao, tulitazama taa nyekundu tukaona inatosha.

Jioni alimweleza mwanawe yote. Fundi hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alivaa viatu, akasema anamfuata mkewe. Usiku ule mvua ilishuka kweli kweli. Kesho yake akapiga simu akiwa njiani, na Bibi Subiri akasikia pumzi mbili. "Mama, daraja limechukuliwa na maji. Niko upande huu. Hakuna anayevuka, na hakuna anayejua kitu cha upande ule."

Basi mtu aliyeunganisha mji mzima, mabwana na watumishi, wachumba na mahasimu, akakaa kibarazani bila waya wa kuchomeka. Kila alipopiga namba ya mkwewe alijibiwa na yule dada wa kwenye mashine, kwamba namba hiyo haipatikani. Kilichomkera si maneno. Alisikiliza mara nyingi akagundua yule dada havuti pumzi.

Alishuka ngazi akaenda kwa muuza mkaa, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni, mwavuli juu. Wengine wakasogea kusikia leo unaliaje.

"Waacheni wapande," akasema Bibi Subiri. "Wauwashe."

Kisha muuza mkaa akauliza, taratibu, "Wamekupa nini, bibi?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo ambalo yeye mwenyewe angeuliza. "Hawajanipa kitu. Mnara haujawashwa. Nilichowaambia nasikia, nilisikia kwenye sikio langu."

"Na kichwa cha mkweo je? Na kuku wangu?"

"Sijui."

"Na ukiwashwa sasa, una uhakika hautudhuru?"

"Sina," akasema. "Yule mama wa miwani hakuwa nao, niutoe wapi mimi? Ninalolijua ni moja. Mtoto wangu yuko ng'ambo ya maji na tumbo lake, nilimpeleka kwa mdomo wangu, na sina njia ya kumuuliza kama yu hai." Akalia pale pale barabarani, bila kujifunika uso. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata mumewe alipozikwa. Muuza mkaa akasimama, akakunja kiti chake, akaingia ndani.

Mafundi wakapanda asubuhi iliyofuata. Bibi Subiri aliketi juu ya kitanda cha mkwewe, dirisha wazi, uso kwa uso na vile vibao vyeupe. Kama kuna kitu kitakachotoka, alitaka kimkute yeye kwanza. Alisikia vyuma vikigongwa, sauti zikiitana. Kisha yule bwana mwenye mvi akachungulia kutoka paani, akampungia mkono. Tayari.

Na mlio ukakatika.

Haukufifia. Ulikatika, kama mtu aliyekuwa akinong'ona nyuma yako akanyamaza ghafla. Bibi Subiri alikaa bila kutikisika. Akainua mkono, akapiga vidole kando ya sikio la kushoto. Hakusikia. Akapiga tena kwa nguvu. Sikio lile halikusikia chochote, wala mlio wala vidole. Upande ule wa dunia ulikuwa umefungwa. Akaogopa, kuliko alivyoogopa wakati ukilia.

Simu ikaita ndani ya mfuko wa gauni. Kwa mazoea ya maisha yote aliipeleka sikio la kushoto, akakuta ukimya, akashtuka, akaihamishia kulia. Kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa pumzi. Mara mbili.

"Sema, mwanangu," akasema. "Sema tu."

"Mama, amezaliwa." Ilikuwa sauti ya msusi, dhaifu lakini yake. "Wa kike. Alikuja kabla ya siku zake, maji yamejaa kila mahali, mama mzazi kanizalisha yeye na majirani. Ni mdogo sana. Lakini anaishi, mama. Msikie."

Akamsikia. Kilio kidogo chenye hasira, mtoto anayedai haki yake. Furaha ilimpanda Bibi Subiri, akawa anacheka na kufuta kamasi kwa mkono wa gauni, anasema ahsante, ahsante, haijulikani kwa nani. Lakini sikio moja lililobaki lilikuwa bado na ujuzi wake.

"Mbona umevuta pumzi mara mbili?" akauliza.

"Ule mlio, mama. Uko huku."

"Huko?"

"Nilijua nimeuacha dirishani. Tangu nifike sikuwahi kuusikia. Leo asubuhi nampakata mtoto, nikausikia. Sikio la kushoto."

Bibi Subiri aliutazama mnara, nao ulikuwa kimya, taa yake nyekundu imekodoa mchana kweupe. "Ulianza kabla simu yako haijashika mtandao, au baada?"

Mtoto alikuwa ameacha kulia.

"Sikumbuki," akasema msusi. "Nikisema kabla nitakuwa naongopa, na nikisema baada pia."

Basi Bibi Subiri akamwambia. Kwamba mnara ulikuwa haujawashwa, siku zote zile, mlio wote ule. Hakujificha nyuma ya neno lolote. Upande wa pili msusi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa tulikuwa tunasikia nini?"

Neno la subiri lilimjia ulimini, lile lile la maisha yake yote, akalimeza. "Sijui, mwanangu. Lakini mlio huo ni wangu. Mimi ndiye niliyekupa, kwa mdomo wangu, ukaenda kuupokea kando ya kitanda chako na mkono tumboni. Si wako na si wa mtoto. Mumeo yuko mtoni, maji yakipungua anavuka. Rudi nyumbani unirudishie."

"Na dirisha je, mama?"

Bibi Subiri akatazama vile vibao vyeupe vilivyokuwa sasa vikifanya kazi, sauti ya mkwewe na ya mjukuu wake zikipita humo humo.

"Tutasogeza kitanda," akasema.

Hakukata simu mpaka laini ilipojikata yenyewe. Kisha akainama, akalivuta lile sanduku la nguo za mtoto akalitoa nje kibarazani kwenye hewa, akarudi akashika mbao za kitanda na kuanza kukisukuma, peke yake, kuelekea ukuta wa mbali.